Jua la Funzi na Mfuko wa Kaunti

(Maneno ya chama chetu mbele ya wanachama na wenyeji wa Funzi)



Mmetutaka tuseme juu ya stima ya jua, na msaada ambao serikali ya kaunti yaweza kumpa mtu anayetaka kuiweka nyumbani au dukani. Tutasema kwa kifupi.

Jua ni bure, lakini sola si bure. Bamba, betri, waya na ujira wa fundi vyote vyataka fedha siku moja, na hapo ndipo mfanyakazi anapokwama. Mwenye mtaji hulipa mara moja, kisha akapumzika na bili miaka mingi. Mvuvi huchukua chombo kidogo kwa malipo ya kila siku kwa simu, na mwisho wa hesabu amelipa zaidi kuliko aliyetoa fedha taslimu. Basi swali letu ni moja: msaada wa serikali unamfikia nani?

Tutazame yaliyokwisha fanyika. Mwaka 2020 Bunge lilirudisha kodi ya VAT juu ya vyombo vya sola. Mwaka 2021 likaiondoa tena. Tulifurahi, lakini huo ni unafuu wa mnunuzi. Asiye na cha kununulia hasamehewi kitu. Sheria ya Nishati ya 2019, na kanuni zake za 2024, zampa mwenye sola haki ya kuingiza stima yake katika waya wa taifa na kupunguziwa bili. Lakini asiye na waya ataiingiza wapi? Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa sola kwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, na Kwale imo. Huo ulikuwa mwelekeo mzuri.

Hayo yote yametoka Nairobi. Kwale nayo ina uwezo wake. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kusambaza stima na kusimamia nishati, na Kifungu cha 209 kimeziruhusu kutoza kodi ya majumba na ada za huduma. Mwenye haki ya kutoza ana haki ya kupunguza.

Huko Marekani, mwaka 2008, baraza la mji wa Berkeley lilitoa fedha za kuweka sola, na mwenye nyumba akazirudisha polepole kwa miaka 20 pamoja na kodi ya nyumba yake. Shauri jema, lakini halifai kuletwa hapa vivyo hivyo. Wafanyakazi wengi wa Diani na Ukunda ni wapangaji, na mpangaji hana amri juu ya paa la mwenye nyumba.

Kwa hiyo tunaiomba kaunti mambo matatu:

1. Ipunguze ada ya leseni kwa duka, mgahawa au banda la samaki litakaloweka sola. Samaki asiye na barafu huuzwa kwa bei ya mnunuzi, si ya mvuvi.

2. Iweke fedha za dhamana katika vyama vya ushirika, ili mwanachama akope kwa faida ndogo, awe na nyumba yake au awe amepanga. Chombo kiwe mali yake, ahame nacho.

3. Iwalipie vijana wetu mafunzo ya ufundi. Tangu 2012 kanuni zataka fundi wa sola awe na leseni. Hapa hewa ya chumvi hula vyuma na maungio ya waya, na paa la makuti halibebi bamba kama bati, lataka nguzo. Fundi akingojwa kutoka Mombasa, chombo hufa.

Ndugu zangu, kila mwaka kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo katika baraza la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka baraza lisikilize wananchi. Jambo lisilomo katika mpango halipati fedha. Basi tusikae vibarazani kisha tukalaumu. Kila tawi liandike haja zake, lichague watu wawili wa kwenda kusema, na wakirudi watupe habari.

Umoja ni nguvu.