STATA YA MOTOKAA NA NJIA ZAKE ZA UMEME
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mwaukumbuka usiku ule motokaa ya chama chetu ilipokataa kuwaka, na ndani yake yumo mke wa mwenzetu mmoja, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Taa ziling'aa, lakini tulipogeuza ufunguo tulisikia mlio mmoja tu, tak, kisha kimya. Tuliisukuma hata ikawaka, na mtoto akazaliwa salama. Asubuhi fundi alituambia, "Stata imekufa." Tukatoa fedha katika sanduku la chama, tukanunua mpya. Wiki mbili hazijatimia, ugonjwa ule ule ukarudi. Ndipo tulipoona haya, kwamba sisi tujuao kusoma tulilipia kitu tusichokijua. Basi tumejifunza, na leo twawagawia.

Hapo kale injini iliamshwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, na ilipopiga nyuma ghafula iliweza kumvunja mtu mkono. Katika motokaa zake za mwaka 1912, kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitia stata ya umeme, iliyokuwa kazi ya Charles Kettering na wenzake.

Stata ina njia mbili za umeme. Njia ndogo hutoka katika betri, hupita katika swichi ya ufunguo, hufika kwenye solenoidi, yaani kopo lenye waya mwembamba uliozungushwa ndani yake. Njia kubwa ni waya mnene utokao betri moja kwa moja. Nao hukomea kwenye solenoidi, kama njia iliyokatwa daraja.

Ukigeuza ufunguo, umeme mdogo hulifanya kopo kuwa sumaku, nayo huvuta kijiti cha chuma. Kijiti hicho hufanya kazi mbili: huisukuma gia ndogo ishikane na meno ya flaiwili, tena huliunga daraja. Ndipo umeme mkubwa, ambao mara nyingi hupita ampea 100, huingia katika mota na kuizungusha. Gia ile huzunguka mara kumi au zaidi flaiwili izungukapo mara moja; kwa hiyo mota ndogo huishinda injini nzito. Injini ikiwaka na ufunguo ukiachwa, springi huirudisha gia mahali pake.

Sisi makarani hatushindwi kuelewa jambo hili. Kipande cha karatasi chenye sahihi hakibebi gunia hata moja, lakini hufungua ghala zima.

Sasa sikilizeni palipotuponza. Umeme ulioingia katika stata hauna budi kurudi betri. Hurudi kwa chuma cha injini yenyewe, kisha kwa waya wa ethi. Waya wetu ulikuwa umeshikwa na kutu kwenye bolti yake. Taa zilikuwa na njia yao ya kurudi, tena hutaka umeme kidogo, zikang'aa. Stata hutaka mwingi, ikanyimwa. Dawa yake ilikuwa msasa na spana.

Kwa hiyo, motokaa ikikataa, washeni taa kwanza, kisha geuzeni ufunguo. Taa zikififia sana, au mkisikia tak-tak-tak za haraka, tazameni betri na vifungo vyake. Pasipokuwa na mlio wala kufifia, tafuteni kasoro katika njia ndogo. Ukisikika mlio mmoja na taa zikabaki vile vile, umeme mkubwa umezuiliwa, ama kwenye ethi ama ndani ya stata yenyewe. Anzeni na ethi, maana kusugua kutu hakuna gharama.

Hatusemi haya ili kumdharau fundi. Fundi mwema hupenda kuulizwa. Twasema kwa sababu fedha za sanduku ni jasho letu sote, na usiku wa haja haungoji.

Tumekwisha.