Chumvi ya Ziwani, Chokaa ya Mlimani: Chaji katika Hesabu ya Nishati ya Kimiani



Katika milima ya Wamatengo, Mbinga, mvua nyingi huosha kalsiamu na kuacha udongo wa kahawa ukiwa na tindikali. Chokaa iliyochomwa, yaani oksaidi ya kalsiamu, ni dawa mojawapo ya udongo huo. Ukiteremka hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, unakuta unga mwingine mweupe: chumvi ya kuungia samaki. Leo naomba tuvipigie vyote viwili hesabu ya nishati ya kimiani, yaani nishati inayozishikanisha ioni, atomu zenye chaji, ndani ya fuwele.

Ndani vimejengwa kwa mpangilio uleule, kila ioni ikizungukwa na sita za chaji kinyume. Kwa hiyo kigezo cha Madelung, kinachojumlisha mivuto na misukumano ya ioni zote, za karibu na za mbali, ni kimoja: 1.7476. Hata namba ya Born, inayohusu kusukumana kwa elektroni ioni zinapokaribiana mno, ni 8 kwa vyote. Yamebaki mawili: umbali na chaji.

Umbali kati ya ioni ni pikomita 282 kwenye chumvi na 240 hivi kwenye chokaa. Tofauti hiyo huongeza nishati kwa chini ya asilimia 20. Chaji ndiyo yenye uzito. Kwenye chumvi ni moja mara moja; kwenye chokaa ni mbili mara mbili, yaani nne. Wanafunzi wengi huteleza hapa: wanaona chaji imekuwa maradufu, wanadhani na nishati ni maradufu. Kanuni ya Coulomb huzidisha chaji za pande zote mbili.

Mlinganyo wa Born na Landé wa mwaka 1918 unatoa takriban kilojuli 753 kwa moli ya chumvi na 3,530 kwa chokaa. Mzunguko wa Born na Haber, unaotegemea vipimo vya maabara, unatoa 787 na karibu 3,400. Kwangu, ukaribu huo ni wa kustaajabisha.

Chaji hiyo ina gharama. Kuing'oa elektroni ya pili ya kalsiamu kunataka kilojuli 1,145 kwa moli, karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na oksijeni nayo haipokei elektroni ya pili bila kulazimishwa. Kimiani ndicho kinacholipa yote, kwa kuzishika ioni kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana chumvi huyeyuka kwa joto la nyuzi 801 za Selsiasi, na chokaa hupita 2,500.

Hata hivyo, nishati ya kimiani haisemi kila kitu. Chokaa, pamoja na uimara wake wote, ukiimwagia maji hufoka kwa joto: oksaidi, yenye chaji hasi mbili, hunyakua protoni ya maji, zikazaliwa ioni za haidroksidi zinazozima tindikali shambani. Chumvi huyeyuka tu majini. Ukiitia shambani haitapunguza tindikali hiyo, kwa kuwa kloridi, yenye chaji hasi moja, haing'ang'anii protoni.