SOMO LA AFYA: KWA NINI KIKOMBE HUITA KIKOMBE?

Fungueni kurasa zenu. Anayeweza kusoma asome nami. Ambaye bado, afuate kwa kidole.

Mwayajua majira ya korosho. Toka Newala mpaka Kitaya, karibu na mto Ruvuma, mabibo hukamuliwa. Maji yake yakichacha huwa uraka. Uraka ukipikwa na mvuke wake ukakingwa, hupatikana nipa, pombe kali sana. Pwani nako minazi hugemwa tembo.

Fedha za korosho zikiingia, mtu huenda kilabuni kwa nia ya kunywa kikombe kimoja. Usiku wa manane bado yupo. Asubuhi fedha za sare za watoto hazipo. Je, huyu ni mpumbavu? La. Tutazame ubongo wake.

Kwanza, nyuma ya paji la uso ipo sehemu ya ubongo inayopima mambo. Hiyo ni kama breki ya baiskeli. Kileo huilegeza mapema. Kwa hiyo kikombe cha tatu ni rahisi kuliko cha kwanza, maana anayeamua sasa breki yake imelegea.

Pili, ubongo una njia ya raha. Mwaka 1954, mjini Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner walitia waya mwembamba katika ubongo wa panya. Panya alipobonyeza kidude, umeme kidogo ulipita, naye akabonyeza tena na tena. Katika majaribio yaliyofuata, panya wengine waliacha hata chakula. Baadaye wataalamu waliona kwamba kileo nacho hugusa njia hiyo, kwa kuongeza dawa ya mwilini iitwayo dopamini. Ubongo hujifunza: mahali pale, marafiki wale, harufu ile. Ukiviona tena, hamu huamka.

Tatu, ubongo huzoea. Mtu akinywa sana siku nyingi, raha hupungua, na akikosa pombe hushikwa na wasiwasi na kukosa usingizi. Sasa hanywi apate raha. Anywa aondoe taabu.

Iko pia sehemu ya ubongo inayoandika kumbukumbu. Pombe nyingi kwa haraka huizuia isiandike. Ndiyo maana mlevi husema, “Sikumbuki.” Hakusahau, daftari halikuandikwa.

Shirika la Afya Duniani huita kunywa kwa kupindukia kunywa gramu 60 za kileo au zaidi kwa kikao kimoja. Hizo ni kama chupa 3 za bia za nusu lita. Hatari ni kubwa zaidi kwa vijana, kwa kuwa ubongo hukomaa karibu na miaka 25. Urithi wa ukoo nao huchangia kama nusu ya hatari, lakini urithi si hukumu.

Basi yafaa nini? Kula kwanza. Fedha zibaki nyumbani. Pita njia nyingine, usipite kilabuni. Lakini sikieni sana: aliyekunywa kila siku asiache ghafula peke yake. Akitetemeka, akiona vitu visivyokuwapo, au akianguka kifafa, apelekwe hospitali upesi. Wapo waliokufa hivyo.

MASWALI
1. Breki ya ubongo iko wapi?
2. Kwa nini mlevi hakumbuki?
3. Nani asiache pombe ghafula peke yake?

Kwaherini, ndugu.