MBU WA VILELENI
Kazi ya Daktari Haddow katika Misitu ya Uganda

Mtu akiumwa na nyoka, wenziwe humtafuta nyoka yule wakamwua. Lakini mtu akifa kwa homa ya manjano, je, adui yake ni nani, naye amejificha wapi? Swali hilo ndilo lililomshughulisha Daktari Alexander John Haddow kwa miaka mingi, naye alilijibu kwa kazi ambayo wengi wangeiona kuwa ni ya mtoto: alihesabu mbu.

Bwana huyo alizaliwa Glasgow, katika nchi ya Scotland, mwaka wa 1912. Alisoma kwanza elimu ya wanyama, kisha akasoma udaktari. Alipofika Afrika ya Mashariki alifanya kazi Kisumu, akichunguza mbu wanaoingia katika nyumba za wenyeji na kupima joto la nyumba hizo. Mwaka wa 1942 alihamia Entebbe, penye nyumba ya uchunguzi iliyoanzishwa mwaka wa 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation ya Marekani ili kuchunguza homa ya manjano.

Hofu ya ugonjwa huo ilikuwa na sababu. Mwaka wa 1940 ulizuka katika milima ya Nuba, nchi ya Sudan, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Mwaka uliofuata, virusi vya homa hiyo, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa darubini ya kawaida, vilipatikana katika damu ya mtu wa Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori, magharibi ya Uganda.

Basi wataalamu walipima damu ya kima wa msitu wa Bwamba, wakaona kwamba wengi walikuwa wamekwisha kuupata ugonjwa huo. Hapo pakawa na fumbo. Kima huishi vileleni mwa miti, na watu huishi chini, katika mashamba ya migomba. Ni nani aliyeuchukua ugonjwa kutoka juu hata chini?

Daktari Haddow aliamuru majukwaa ya mbao yajengwe juu ya miti mirefu, moja juu ya jingine, na ngazi za kuyafikia. Vijana wa Bwamba walipanda huko wakakaa kwa zamu, mchana na usiku, saa 24 bila kukatiza. Kila mbu aliyetua juu ya mwili wa mtu alinaswa kwa kijichupa kabla hajashiba. Mbu wa kila saa walitengwa, na wa kila jukwaa vivyo hivyo, ili ijulikane ni mbu gani aumaye, saa ngapi, na kwa urefu gani. Ni haki kusema kwamba bila vijana hao, waliojitoa kuwa chambo gizani juu ya matawi, hesabu za Daktari zisingekuwako.

Hesabu hizo ndizo zilizofumbua fumbo. Yuko mbu aitwaye Aedes africanus, ambaye mtu akimtafuta chini mchana atamwona mara chache tu. Lakini jua likiisha kutua, kwa muda wa kama saa moja, mbu huyo huuma kwa wingi sana huko vileleni, wakati uleule kima wanapotulia kulala. Baadaye virusi vya homa ya manjano vilipatikana ndani ya mbu huyo mwenyewe. Kulipokucha, kima mwenye mkia mwekundu alishuka kuiba ndizi shambani. Huko alikutana na mbu wa pili, Aedes simpsoni, azaaye katika maji yanayotuama penye makwapa ya majani ya migomba, na aumaye mchana. Mbu huyo alimwuma mwizi, kisha akamwuma mwenye shamba.

Kima aibaye ndizi ni hasara ijulikanayo na kila mkulima. Kwamba huenda akaacha nyuma yake ugonjwa, hilo halikujulikana.

Mwezi wa Aprili 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kima mmoja wa kutoka Asia, mwenye namba 766, alishikwa na homa akiwa ndani ya kizimba juu ya jukwaa. Damu yake ilikuwa na virusi visivyojulikana bado. Mwezi wa Januari 1948 virusi hivyo vilipatikana tena, safari hii ndani ya mbu wa Aedes africanus wa msitu uleule. Mwaka wa 1952 Daktari Dick, Daktari Kitchen na Daktari Haddow waliandika habari zake, wakavipa jina la msitu huo.

Tangu 1953 Daktari Haddow alikuwa mkuu wa nyumba ile ya Entebbe. Mwaka wa 1959 homa ngeni ilizuka kaskazini ya Uganda. Waacholi waliiita o'nyong-nyong, kwa jinsi inavyovunja nguvu za viungo. Ilienea Kenya na Tanganyika, ikawapata watu wapatao milioni mbili. Ajabu yake ni kwamba ilichukuliwa na Anopheles, mbu walewale wa malaria, ambao hapo kwanza hawakujulikana kueneza virusi kwa watu wengi namna hiyo.

Daktari aliondoka Uganda mwaka wa 1965 akarudi Glasgow kufundisha. Huko alijulikana pia kwa elimu yake ya muziki wa zumari za mifuko za Scotland. Alifariki mwaka wa 1978. Virusi vya Zika wakati huo vilihesabiwa kuwa jambo dogo la msituni. Mwaka wa 2015 vilienea Brazil, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari kwa mataifa yote. Madaktari wa nchi za mbali wakaanza kuzisoma upya kurasa za mwaka wa 1952, zenye habari za kima namba 766.