Zohali Ni Ipi? Istilahi za Sayari katika Mchezo wa Kufundishia

Mwanafunzi wa Bukoba au Muleba anayecheza mchezo wa kadi kuhusu safari za anga huenda akaokota kadi isemayo: "Chombo Cassini kilifika Zohali mwaka 2004." Kweli au si kweli? Orodha iliyozoeleka katika vitabu vya shule nchini Tanzania huiita sayari ya sita Sarateni, ya saba Zohali, ya nane Kausi. Kumbe katika Kiarabu Zohali ndiyo hiyo ya sita, yenye pete kubwa. Sarateni na Kausi si sayari hata kidogo, bali ni buruji za nyota, Kaa na Upinde. Mtoto wa pwani huenda akalisikia neno hilo kwa wanajimu. Mwenzake wa Kagera, mwenye Kihaya nyumbani, mara nyingi amelipata kitabuni tu. Akijibu "si kweli", kwa kuwa sayari ya saba imepitiwa na Voyager 2 peke yake, mwaka 1986, amekifuata kitabu chake sawasawa, na alama anazikosa. Mtunzi wa mchezo hana budi kuandika kwenye kila kadi nafasi ya sayari kutoka kwenye Jua.