Je, Pointi za Mtoto Zinatosha Kusomea Udaktari?

Mazungumzo na wazazi, walimu na watahiniwa wa KCSE



Matokeo ya KCSE yakitangazwa, simu huanza kupigwa kabla ya jua kutua. Shangazi anataka kujua mtoto alipata ngapi, na baada ya pongezi swali linalofuata ni kama atakuwa daktari. Mwenye A safi hana hofu nyingi. Aliye na A- au B+ ndiye anayehitaji kuketi na kalamu na karatasi, kwa sababu huyo anaweza kuingia au kukosa, na makosa ya kujaza maombi yanaweza kumgharimu mwaka mzima.

Ushindani wenyewe ni mkali. Katika KCSE ya 2024 walifanya mtihani watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, yaani kiwango cha chini cha kuomba shahada, walikuwa 246,391. Waliopata A walikuwa 1,693. Nafasi za udaktari katika vyuo vya umma ni chache, na Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho wengi hukitaja kwanza.

Jambo la kwanza kuangalia ni masharti ya masomo, si gredi ya jumla. Udaktari unataka angalau B katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Mtoto mwenye A- ya jumla lakini B- ya Kemia hawezi kuchukuliwa, hata mjomba wake awe nani. Familia nyingi huliona hili zikiwa zimechelewa, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwenye gredi ile kubwa iliyoandikwa chini ya karatasi.

Akishapita hapo, zinakuja pointi za klasta. KUCCPS, lile shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, huchukua masomo manne yanayohusiana na kozi na kuyapima pamoja na jumla ya masomo saba. Hesabu iliyozoeleka ni hii: pointi za masomo manne zinagawanywa kwa 48, jumla ya masomo saba inagawanywa kwa 84, majibu hayo mawili yanazidishwa, kipeuo cha pili cha jibu kinatafutwa, kisha kinazidishwa kwa 48.

Chukua watoto wawili wa kijiji kimoja, wote wana pointi 74, wote wana A-. Wa kwanza ana 12 za Biolojia, 12 za Kemia, 11 za Hisabati na 11 za Kiingereza. Hizo ni 46. Masomo mengine matatu yalimpa 28 tu. Wa pili ana 12 za Kiswahili na 11 katika Kiingereza, Historia na Jiografia, lakini Biolojia na Hisabati alipata 10 na Kemia 9. Masomo yake manne ya udaktari yanafika 41. Ukifanya hesabu, wa kwanza ana takriban 44.1 na wa pili 41.6. Gredi ni moja, sherehe nyumbani zilikuwa sawa, lakini katika foleni ya udaktari kati yao wanaweza kusimama mamia ya watu. Huyo wa pili, akiomba kozi ambayo masomo yake manne yanabeba lugha na Historia, ndiye anayetangulia.

Hakuna haja ya mzazi kufanya hesabu hii mwenyewe. Mtahiniwa akiingia kwenye tovuti ya KUCCPS kwa nambari yake ya mtihani, huziona pointi zake kwa kila kundi la kozi. Kuijua hesabu kunasaidia tu kuelewa kwa nini jirani mwenye gredi ileile alichukuliwa na wa kwenu akaachwa. Aghalabu hapakuwa na hongo.

Tovuti hiyo pia huonyesha pointi za miaka iliyopita kwa kila kozi na kila chuo, na hapa ndipo watu wengi hupotoka. Nambari hiyo haikuwekwa na chuo kama kizingiti. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa mwaka huo, nafasi zilipojaa. Mwaka ambao wengi wamefanya vizuri katika sayansi, inapanda. Vyuo vikiongeza nafasi, inaweza kushuka. Kwa hiyo mtoto aliyezidi nambari ya mwaka jana kwa nukta mbili za desimali hajaahidiwa chochote.

Njia ya busara ni kutazama miaka mitatu au minne pamoja. Pointi za mtoto zikiwa juu ya miaka yote, tena kwa nafasi ya kutosha, tumaini ni zuri. Zikiwa juu ya mwaka mmoja na chini ya mingine, hiyo ni bahati nasibu, na inafaa iwekwe chaguo la kwanza huku machaguo yanayofuata yakiwa salama. Zikiwa chini ya miaka yote, ni heri nafasi hiyo ipewe kozi nyingine.

Kujaza udaktari wa vyuo vitano tofauti kwenye fomu nzima ni kosa linalorudiwa kila mwaka. Kozi zenye ushindani kama huo aghalabu huwa zimejaa kwa walioziweka mbele, na aliyeiweka ya nne amepoteza tu mstari. Mtoto anayependa kutibu watu ana uuguzi, famasia, sayansi ya maabara na shahada ya tiba ya kliniki, na ana KMTC pia. Mzazi asiseme mbele yake kwamba hizo ni kozi za walioshindwa. Wauguzi ndio wanaoonekana wodini usiku.

Akikosa katika awamu ya kwanza, kuna kipindi cha kubadilisha machaguo, ambapo KUCCPS huonyesha kozi zilizobaki na nafasi. Baadaye hufunguliwa kipindi cha kuhama chuo au kozi. Tarehe hizi ni fupi na hazimsubiri mtu.

Mlango wa kujilipia upo katika baadhi ya vyuo, lakini masharti ya B hayaondoki na karo ya udaktari huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka. Familia inayotaka kuuza shamba ijiulize mwaka wa tatu utalipwa na nini. Hata aliyepangiwa chuo na serikali hulazimika kuomba ufadhili na mkopo kando. Barua ya chuo peke yake hailipi karo.

Na atakayepiga simu akidai ana mtu wake ndani ya ofisi, kwamba kwa elfu hamsini mtoto ataongezwa kwenye orodha ya udaktari, huyo ni tapeli. Pointi huhesabiwa kutoka kwa matokeo ya mtihani, na maombi hufanywa na mwanafunzi mwenyewe. Nambari ya simu hiyo ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu kabla ya kutuma hata shilingi.