Mnyama wa Picha na Mnyama wa Zizini



Mwaka 2000, mjini New York, Marekani, mchoro wa Alexis Rockman uitwao "The Farm", yaani Shamba, ulionyeshwa kwenye ubao mkubwa wa matangazo barabarani. Ndani yake mna shamba la soya lililonyooka mistari hadi upeo wa macho. Wamo ng'ombe, nguruwe na kuku wa desturi, pamoja na wenzao wa kesho kama mchoraji alivyowawaza: ng'ombe mwenye umbo la sanduku, nguruwe aliyebeba viungo vya binadamu, na kuku mwenye mabawa kupita kiasi.

Mchoraji ana haki ya kutia chumvi, kwani kazi yake ni kuuliza swali, wala si kuandika taarifa ya bwana mifugo. Taabu ni kwamba mpita njia haonyeshwi mpaka baina ya kilichopo na kilichobuniwa. Katika picha hiyo yumo pia panya mwenye sikio la binadamu mgongoni. Panya huyo alikuwapo kweli, na picha zake zilienea duniani mwaka 1997. Lakini sikio lile halikutokana na kubadilishwa chembe za urithi. Wataalamu walipandikiza chini ya ngozi yake kiunzi chenye umbo la sikio, kilichooteshwa chembe za gegedu la ng'ombe. Hata hivyo, wengi walimfanya nembo ya kuchezea urithi.

Kwa nguruwe, mchoraji hakuwa mbali na ukweli. Machi 2024, madaktari wa Boston walimpandikizia mgonjwa figo ya nguruwe aliyefanyiwa mabadiliko 69 ya urithi. Ila nguruwe wa namna hiyo, akitazamwa bandani, ni nguruwe tu.

Kwa upande mwingine, kuku wa nyama wa siku hizi, mwenye kifua kizito, amepatikana kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Uhamilishaji wa ng'ombe nao hutumia mbegu ya dume bila kubadilisha urithi wake. Mwanachama akiyachanganya haya na michoro ya kutisha, huenda akakataa huduma inayomfaa.

Katibu akiulizwa mkutanoni juu ya mnyama mpya, na aulize kwanza amepatikana kwa njia gani, amekaguliwa na nani, na ndama wake atakuwa mali ya nani. Swali hilo la mwisho si la mzaha: mwaka 1988 Marekani ilikipa Chuo Kikuu cha Harvard hataza ya panya aliyebadilishwa urithi. Karatasi ya namna hiyo haimo katika shamba la Rockman.